Miguu ya Mwalimu Nyerere na uzito wa mwili wako

Ukiwa Galula, kule bondeni mkoani Songwe ambako jua huwaka mapema, daktari akikuambia upunguze uzito huna jimu ya kukimbilia wala mashine ya kupanda. Lakini shinikizo la damu limeshafika, kisukari kimeshafika, na bodaboda imeshachukua nafasi ya miguu hata kwa safari ya kwenda dukani. Unarudi nyumbani na kadi mkononi, ukijiuliza: nifanye zoezi gani, na nianzie wapi?

Leo sitakujibu kwa kukutajia wanamichezo wa Ulaya. Nitakusimulia maisha ya mtu unayemfahamu, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, kwa upande ambao hatumsomi sana: upande wa miguu yake. Ufuatilie kama mgonjwa, au kama mzazi, kisha uamue utachukua nini.

Mtoto aliyekua akitembea

Kambarage alizaliwa Butiama, mkoani Mara, tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Usidhani kuwa mtoto wa chifu kulimfanya alelewe kitini. Alichunga mbuzi kama watoto wenzake. Alipoanza shule mwaka 1934, akiwa na miaka 12, shule yenyewe ilikuwa Mwisenge, Musoma, kiasi cha kilomita 40 kutoka kwao.

Hapa nasimama na wewe mzazi. Mtoto anayechunga hukimbia, husimama, hupanda kilima, kisha hukimbia tena mbuzi akiingia shambani kwa mtu. Moyo wake unapanda na kushuka siku nzima bila mtu kuliita jambo hilo zoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za shughuli zinazompandisha pumzi. Mbuzi walimpa Kambarage dakika hizo na zaidi.

Mtoto wako hana mbuzi? Ana rede, kombolela, kuruka kamba na mpira wa makaratasi. Kazi yako ni kumruhusu acheze na kumwondoa mbele ya simu. Usimpeleke shule kwa bodaboda kama njia ni salama na umbali anaumudu. Na kama amenenepa kuliko wenzake, usimnyime chakula, kwa sababu bado anakua. Mwondolee soda, juisi za paketi na maandazi ya kila saa, mwongezee mchezo, kisha mpeleke kituo cha afya apimwe uzito na urefu.

Mwalimu wa Pugu

Baada ya Tabora, Makerere na Chuo Kikuu cha Edinburgh, Nyerere alirudi nyumbani akiwa msomi mwenye shahada ya chuo kikuu, jambo lililokuwa nadra sana wakati huo. Akafundisha Pugu, nje ya Dar es Salaam. Mikutano ya siasa ilikuwa mjini, kiasi cha kilomita 20 hivi, na mara nyingi alikwenda kwa miguu. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 ikiwa na kiongozi ambaye viatu vyake vilikuwa na vumbi.

Angalia jambo moja. Hakutembea ili apungue. Alitembea kwa sababu alikuwa na mahali pa kwenda. Hii ndiyo siri ya zoezi linalodumu: lipachike kwenye safari uliyonayo tayari. Kama kanisa, msikiti, soko au kikundi cha kuweka na kukopa kiko umbali wa dakika 20, basi kwenda na kurudi umepata dakika 40, na nauli imebaki mfukoni.

Mkubwa asiye na kitambi

Aliongoza nchi kuanzia uhuru wa mwaka 1961 hadi alipong'atuka tarehe 5 Novemba 1985. Muda wote huo mwili wake ulibaki mwembamba. Miaka ya mwanzo ya 1970 alishinda na wanakijiji wa Chamwino, Dodoma, wakifyatua matofali. Alipostaafu alirudi Butiama na kushika kilimo.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Mtu akipata cheo tunategemea na tumbo lipande cheo. Akinenepa tunamwambia amependeza, akipungua tunamuuliza kwa sauti ya chini kama anaumwa. Mama akijifungua tunampima mumewe kwa unene wa mke. Kwa maneno haya tumewafanya wagonjwa wengi waogope kupungua hata pale daktari anapowasihi. Mkumbuke Mwalimu: mtu aliyekuwa na mamlaka kuliko wote nchini hakuhitaji kitambi ili aheshimiwe.

Pima kiuno chako kwa futi kamba, usawa wa juu kidogo ya kitovu, ukiwa umetoa pumzi. Mwanamke akizidi sentimita 88, au mwanaume akizidi sentimita 102, mafuta ya tumboni yameshakuwa hatari kwa moyo na kwa sukari. Kisha chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita, na jibu uligawe tena kwa urefu huo huo. Ikiwa jibu ni kati ya 18.5 na 24.9, uzito wako unalingana na urefu wako. Mtu wa mita 1.60, kwa mfano, anafaa kuwa kati ya kilo 48 na 63.

Butiama hadi Mwanza

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Vijana sehemu mbalimbali za nchi wakaanza matembezi marefu ya kuliunga mkono. Mmoja wao, kijana Seti Benjamin, alifariki akiwa katika matembezi ya kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam, na nchi ikamlilia. Oktoba mwaka huo huo Mwalimu mwenyewe aliondoka Butiama kwa miguu kwenda mkutano mkuu wa TANU mjini Mwanza. Alikuwa na miaka 45. Alitembea zaidi ya kilomita 200 kwa siku nane, wastani wa kilomita 25 au zaidi kwa siku.

Kabla hujafunga kamba za viatu kesho umwige, soma tena. Hizo si kilomita za mtu aliyeamka siku moja akaamua kuwa na afya. Zilikuwa na msingi wa mbuzi wa Butiama, barabara ya Musoma na njia ya Pugu. Moyo ni msuli. Ukiupa kazi kidogo kila siku, unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, na mapigo yanapungua ukiwa umepumzika. Ukiukurupusha baada ya miaka 10 ya kukaa, unaweza kuuumiza.

Kwa hiyo anza hivi. Wiki ya kwanza, tembea dakika 10 kwa siku. Wiki ya pili, 15. Endelea kuongeza dakika 5 kila wiki mpaka ufike dakika 30 kwa siku, siku 5 za wiki. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima. Mwendo uwe wa mtu anayechelewa gari: unaweza kuongea na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kuongea, punguza.

Kutembea kukikuchosha kwa kuzoea, badilisha. Baiskeli inafaa sana kwa mwenye magoti mabovu kwa kuwa haibebeshi magoti uzito wote. Kuruka kamba dakika moja na kupumzika dakika moja, mara 10, kunapandisha pumzi haraka, ila kunawafaa wenye magoti mazima. Ngoma na muziki wa nyumbani ni zoezi kamili, ukicheza nusu saa bila kukaa. Kukimbia polepole kuje mwisho, mwili ukishazoea.

Utaniambia wewe unalima. Ni kweli, jembe ni zoezi, na wakati wa kulima na kupalilia huhitaji jingine. Swali langu ni miezi ile baada ya mavuno. Jembe likipumzika, sahani inabaki ile ile, na uzito unaingia hapo.

Miguu haiwezi kushindana na sahani

Mtu wa kilo 70 akitembea haraka nusu saa anatumia takriban kalori 150. Chupa moja ya soda ya mililita 300 inakaribia kuzirudisha zote, na ina sukari karibu vijiko 8 vya chai. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Kwa hiyo anayetembea nusu saa kisha akajipongeza kwa soda na chapati asishangae mzani ukigoma.

Nusu ya sahani iwe mboga za majani na mboga nyingine. Robo iwe ugali, wali au viazi. Robo iliyobaki iwe maharage, samaki, dagaa, kuku au mayai. Chai punguza sukari kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Kunywa maji badala ya soda.

Usijiwekee lengo la kupungua kilo 20. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kutolewa mwaka 2002, uliohusisha watu zaidi ya 3,200 waliokuwa ukingoni mwa kupata kisukari, uliwawekea waliobadilisha maisha malengo mawili: kupungua asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58, zaidi ya waliopewa dawa. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo 5 na nusu hivi. Nusu kilo kwa wiki inatosha.

Usitembee peke yako

Mwaka 1973, Mwalimu akiwa Rais, nchi iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika vijijini katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai. Kilichofanya kazi ni kikundi. Mtu akiwa peke yake huahirisha, akiwa na wenzake huona haya kukosa.

Tafuta watu watatu au wanne wa mtaa wako. Pangeni saa. Kwa joto la bonde la Rukwa, saa nzuri ni alfajiri kukishapambazuka au jioni jua likishapoa. Beba maji, na vaa viatu visivyobana.

Kuna wanaopaswa kumwona mtaalamu wa afya kwanza: mwenye shinikizo ambalo halijatulia, mwenye ugonjwa wa moyo, na aliyewahi kupata kiharusi. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari abebe kitu kitamu mfukoni, na akague nyayo zake kila jioni, maana kidonda kinaweza kuanza bila maumivu. Yeyote akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi isiyorudi baada ya kupumzika, asimame hapo hapo na apelekwe hospitali.

Mwisho wake, na somo lake

Mwaka 1998 Mwalimu aligundulika kuwa na saratani ya damu. Alifariki London, katika hospitali ya St Thomas', tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa na miaka 77.

Nakuambia hili kwa sababu kuna wagonjwa wanaojilaumu. Wapo waliotembea, wakala vizuri, wakabaki wembamba, na bado wakaugua. Saratani ya damu haikumfuata Mwalimu kwa kuwa alikosea chakula. Mazoezi hupunguza hatari ya shinikizo, kisukari, kiharusi na baadhi ya saratani, lakini hayampi mtu hati ya kutougua. Kwa hiyo wembamba usikuzuie kupima. Na ukianza kupungua bila kukusudia, huku una homa za usiku, kikohozi kisichoisha, kiu kali au uchovu usioelezeka, usifurahie mzani. Nenda kapimwe kifua kikuu, sukari na damu.

Miguu ilimfikisha Mwalimu Mwanza akiwa na miaka 45, na ikamrudisha shambani akiwa na miaka zaidi ya 60. Hilo ndilo ninalokutakia wewe na mwanao: miaka mingi ya kwenda unakotaka bila kubebwa. Kesho asubuhi ni dakika 10 tu. Toka mlangoni, tembea dakika 5 kuelekea unakotaka, kisha geuka urudi.