Herschel, mpiga kinanda aliyegundua sayari nyuma ya nyumba yake

Wavuvi wa dagaa wa hapa Kamunyonge wanaujua mwezi kuliko watu wengi. Mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, maana taa zao hazifui dafu mbele ya mwanga wake. Giza likirudi, wanaingia ziwani. Watazama nyota nao huhesabu siku kwa namna hiyohiyo.

Wasikilizaji kadhaa wametuuliza kama mtu wa kawaida anaweza kujenga kituo chake cha kutazamia nyota uani kwake. Njia nzuri ya kujibu ni kusimulia maisha ya William Herschel, aliyefanya hivyo zaidi ya miaka 240 iliyopita.

William alizaliwa Hanover, Ujerumani, tarehe 15 Novemba 1738. Baba yake alikuwa mwanamuziki wa bendi ya jeshi, naye akaingia bendi hiyohiyo akiwa kijana, akipuliza zumari. Mwaka 1757, vita vikiwa vimepamba moto, akakimbilia Uingereza. Mwaka 1766 akapata kazi ya kupiga kinanda cha kanisa katika mji wa Bath. Elimu ya nyota hakuisomea chuo chochote. Mchana alifundisha watu muziki, na usiku alisoma vitabu kitandani.

Mwaka 1772 alimleta mdogo wake, Caroline, kutoka Hanover. Homa kali ya utotoni ilikuwa imemdumaza binti huyu, na mama yao alitaka abaki nyumbani kufanya kazi za ndani tu. William akamfundisha kuimba, na akaimba vizuri hadi mji mwingine ukamwalika. Alikataa, kwa sababu hakutaka kuimba pasipo kaka yake kuongoza. Muda si mrefu kaka huyo aliacha kuwaza muziki na kuanza kuwaza nyota, na Caroline akabaki bila jukwaa. Kwa maoni yangu, gharama ya darubini za Herschel ilianzia hapo.

Darubini kubwa ilikuwa ghali mno kwa mpiga kinanda, kwa hiyo kuanzia 1773 akaamua kujitengenezea. Aliyotaka ni ile inayokusanya mwanga kwa kioo chenye bonde dogo katikati, mfano wa sahani. Vioo vya aina hiyo siku hizo vilisubiwa kwa madini: shaba ikichanganywa na bati. Vyumba vya nyumba vikageuka karakana, hiki cha seremala, kile cha kusugulia.

Kalibu ya kumiminia madini ilitengenezwa kwa udongo uliochanganywa na samadi ya farasi. Caroline aliitwanga samadi kwenye kinu na kuichekecha hadi ikawa laini. Kioo kikishapoa kilisuguliwa kwa mkono, na hatua ya mwisho haikuruhusu kusimama, kwani mkono ukiachia kazi inaharibika. Safari moja William alisugua saa 16 mfululizo. Caroline alikuwa akimtilia chakula mdomoni na kumsomea hadithi asisinzie.

Mwishoni mwa 1779 alikuwa akitazama mwezi akiwa barabarani mbele ya nyumba, kwa kuwa nyuma hapakuonyesha vizuri. Daktari mmoja, William Watson, akapita akaomba kuchungulia. Alichokiona kilimshangaza, na kesho yake akarudi. Ndiye aliyemtambulisha Herschel kwa wasomi. Yaani mlango ulifunguka kwa sababu darubini ilikuwa mahali ambapo mpita njia angeweza kuiona.

Tarehe 13 Machi 1781, akiwa katika bustani nyuma ya nyumba namba 19 mtaa wa New King, Herschel aliona kitu kilichokuwa kinene kuliko nyota. Siku nne baadaye akatazama tena, kikawa kimesogea. Alidhani ni nyota yenye mkia. Wataalamu wa hesabu walipofuatilia njia yake walikuta ni sayari inayozunguka jua mbali zaidi ya Zohali, ambayo tangu zamani ilihesabiwa kuwa ya mwisho. Leo inaitwa Uranusi. Wengine walikwisha kuiona kabla yake, wakaiandika kuwa nyota. Darubini ya Herschel ilikuwa na urefu wa mita mbili na ushee tu, kioo chake upana wa sentimita 16 hivi, lakini kilisuguliwa vizuri kiasi cha kuonyesha tofauti.

Mafanikio hayakumtuliza. Agosti mwaka huohuo alijaribu kusubu kioo kikubwa ndani ya nyumba. Kalibu ikavuja, madini ya moto yakamwagika sakafuni, na mawe yakaanza kupasuka na kuruka hadi darini. Kila mtu alitimua mbio. William aliangukia lundo la matofali, hoi.

Mwaka 1782 Mfalme George wa Tatu alianza kumlipa pauni 200 kwa mwaka, pungufu ya alizopata kwenye muziki. Aliukubali, akahamia kijiji cha Datchet. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1783, theluji ikiwa imefunika ardhi, alimwita Caroline aharakishe. Binti alikimbia gizani, akateleza, kulabu ya chuma kama zile za kutundikia nyama buchani ikamwingia mguuni. Wafanyakazi walipomnyanyua, kipande cha nyama ya mguu kilibaki pale. Faraja yake, alivyoandika baadaye, ni kwamba mawingu yalitanda usiku uliobaki, hivyo kaka yake hakupoteza kitu. Mimi hapo hukosa la kusema.

Kuanzia 1787 naye alilipwa na mfalme, pauni 50 kwa mwaka. Aligundua nyota zenye mkia nane.

Huko Slough, mwaka 1789, William alimaliza darubini ya mita 12, kioo chake upana wa mita 1.2. Mfalme alichangia pauni 4,000. Watu walikuja kuishangaa, lakini ilikuwa nzito, kioo kilipoteza mng'ao upesi, na kazi nyingi aliendelea kuifanya kwa darubini ndogo kuliko hiyo. Si kila alichoamini kilikuwa sahihi pia: alidhani hata juani wanaishi watu!

Alifariki tarehe 25 Agosti 1822, akiwa na miaka 83. Uranusi huchukua miaka 84 kulizunguka jua mara moja.

Alibakiwa na nusu ya kazi. Kutoka Uingereza nyota nyingi za kusini hazionekani kabisa. Sisi Musoma, tulio kusini kidogo tu ya ikweta, karibu zote za pande mbili hupita juu yetu kwa mwaka. Mwanawe, John, ilimbidi asafiri na darubini yake hadi Cape Town, akahesabu nyota huko kuanzia 1834 hadi 1838. Aliporudi aliibomoa ile darubini kubwa ya baba yake, mbao zikiwa zimeoza. Mkesha wa mwaka 1840 familia nzima iliingia ndani ya bomba lake, wakaimba humo.