Bwana Booker Washington na Matofali ya Tuskegee

Booker Washington alizaliwa utumwani katika jimbo la Virginia, nchi ya Marekani, mwaka 1856. Uhuru ulipowafikia watumwa mwaka 1865 alikuwa mtoto bado, akatiwa kazini katika viwanda vya chumvi, kisha katika mashimo ya makaa ya mawe. Mwaka 1872 akaifuata shule ya Hampton, mwendo mrefu, sehemu yake kwa miguu. Mwalimu akampa ufagio asafishe chumba, na usafi wa chumba kile ndio uliokuwa mtihani wake wa kuingia.

Lakini habari hasa ni ya Tuskegee, mji mdogo katika jimbo la Alabama. Alikuwako huko fundi bati mweusi, Lewis Adams, naye alikuwa mtumwa zamani. Mwaka 1880 Mzungu mmoja aliyetaka kurudi katika baraza la jimbo alimwendea kuomba kura za watu weusi. Adams hakutaka fedha, alitaka shule. Wakapatana, na baraza likatoa dola 2,000 kwa mwaka, mishahara ya walimu tu, bila kiwanja wala nyumba. Mkuu wa Hampton alipoombwa mwalimu akamtuma Washington, na shule ikafunguliwa tarehe 4 Julai 1881, katika kibanda kinachovuja, wanafunzi 30.

Mweka hazina wa Hampton akamkopesha dola 250 za mfukoni mwake, shamba la ekari 100 likapatikana. Na majengo je? Katika mji ule hapakuwa na tanuru ya matofali hata moja, na wenyeji nao walikuwa wakiyahitaji. Basi Washington akawaingiza wanafunzi katika shimo la udongo, matope mpaka magotini. Wengi walichukizwa, wengine wakaondoka. Wazazi walileta barua za kukataza kazi za mikono, kwa maana waliwapeleka watoto wasome vitabu. Maneno hayo, nadhani, kila mwalimu ameyasikia. Tanuru ya kwanza ikaharibika, na ya pili, na ya tatu. Fedha zikaisha. Ndipo alipokwenda Montgomery, akaweka saa yake rehani kwa dola 15, akarudi, akachoma tanuru ya nne, ikafaulu. Saa ile hakuikomboa tena.

Matofali yakawa mazuri. Hata Wazungu wasioipenda shule wakaja kuyanunua, kwa kuwa yalikuwa mema, nao walikuwa na haja nayo. Hivyo mji ukapata mafundi, na shule ikapata wanunuzi na rafiki.

Lakini biashara haikuleta haki. Mwaka 1901 katiba mpya ya Alabama iliwanyang'anya karibu watu weusi wote kura zao, ndizo kura zilizoizaa shule. Hadharani Washington alisema kwa upole, hata msomi mweusi W. E. B. Du Bois akamlaumu kwa kitabu mwaka 1903. Na mimi naona lawama ile ilikuwa na sababu. Ila kwa siri Washington alilipia mashtaka ya kuipinga katiba ile, na mwaka uo huo wa 1903 mahakama kuu ya Marekani ikayakataa.

Alifariki tarehe 14 Novemba 1915, shule ikiwa na majengo zaidi ya 100 na wanafunzi kama 1,500. Akazikwa pale pale Tuskegee, katika kaburi la matofali yaliyofanywa na wanafunzi.