HAYATI DAKTARI LOUIS LEAKEY NA NYASI ZA FORT TERNAN

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii yamfaa sana hayati Daktari Louis Leakey, aliyeinama juu ya udongo wa Afrika Mashariki karibu maisha yake yote. Wengi wetu tunamjua kwa sababu ya mifupa ya watu wa kale. Lakini je, msomaji, wajua kwamba kazi yake ilifika hapa kwetu Kericho, na kwamba ilitufungulia mlango wa kuijua mimea iliyoota hapa kabla ya chai?

Leakey alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903. Wazazi wake walikuwa wamishonari kutoka Uingereza. Alicheza na watoto wa Wakikuyu, akakisema Kikuyu kama wao, hata akaingizwa katika rika lao. Baadaye alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka wa 1926 akarudi Kenya kuongoza msafara wake wa kwanza wa uchimbuzi.

Mambo hayakuwa mteremko. Mwaka wa 1932 alipata kipande cha taya huko Kanam, karibu na Ziwa Victoria, akatangaza kuwa ni cha mtu wa kale mno. Mwaka wa 1935 mtaalamu wa miamba, Percy Boswell, alitoka London kuja kuhakikisha. Kumbe vigingi vya chuma vilivyoonyesha mahali penyewe vilikuwa vimeng'olewa, na picha iliyotegemewa ilikuwa ya mahali pengine! Boswell alimlaumu katika jarida la kisayansi na jina la Leakey likaingia doa. Funzo ni kwamba kisukuku kisichojulikana kilitoka tabaka gani ni kama shahidi asiyejua siku ya tukio.

Hata hivyo, hakukata tamaa. Mwaka wa 1945 alikabidhiwa Makumbusho ya Coryndon, Nairobi. Huko kisiwani Rusinga, ambako mkewe Mary aligundua fuvu la Proconsul mwaka wa 1948, hawakuokota mifupa tu. Walikusanya pia matunda, mbegu na hata wadudu waliogeuka mawe. Wataalamu walipozichunguza mbegu hizo walitambua mimea inayotambaa juu ya miti. Basi ikajulikana kuwa yapata miaka milioni 18 iliyopita palikuwa na msitu.

Si kila Mkenya anayemkumbuka kwa wema. Katika kesi ya Mzee Jomo Kenyatta huko Kapenguria, iliyoanza mwaka wa 1952, alikuwa mkalimani wa mahakama ya kikoloni mpaka mawakili wa utetezi walipompinga.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka wa 1961, katika shamba la mkulima Fred Wicker huko Fort Ternan, kikosi cha Leakey kilichimbua taya la nyani wa kale. Leakey alimpa jina Kenyapithecus wickeri. Umri wake ni kama miaka milioni 14. Mifupa mingi ya wanyama ilipatikana pamoja naye, kwa kuwa mlima wa volkeno wa Tinderet ulikuwa ukimwaga majivu na kuifunika nchi.

Leakey aliaga dunia London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Lakini Fort Ternan haikunyamaza. Mwaka wa 1990 wanasayansi walieleza kuhusu nyasi zilizofukiwa na majivu hapo zikiwa bado zimesimama! Chavua nayo ilionyesha nyasi nyingi. Wengine wakapima kaboni katika udongo na meno ya wanyama, wakasema la, hizo si nyasi za mbuga kavu za leo, na miti ilikuwapo. Ubishi huo una faida, maana kila ushahidi unapimwa kwa mwingine.

Pengine utauliza, mmea uliokufa hujuaje hali ya hewa? Jibu ni rahisi. Majani mapana yenye ncha ndefu ya kuchuruzisha maji husimulia mvua nyingi. Majani madogo husimulia ukavu. Mbegu ya mti wa msituni haidanganyi. Ndiyo sababu majani ya mawe ya milima ya Tugen, Baringo, yenye umri wa miaka milioni 12 hivi, yametuambia kuwa nako kulikuwa na msitu wa mvua. Nenda Baringo leo uone ukavu!

Wanafunzi wenzangu, hapa Kericho na Bomet tunakula, tunavaa na kulipa karo kwa sababu mvua hainyeshi kwa msimu mmoja tu. Chai yenyewe ilianza kupandwa kwa wingi miaka ya 1920, juzi tu ukilinganisha na nyasi za Tinderet. Visukuku vinatuonya kwamba kijani hiki hakikuwapo siku zote, wala hakuna aliyeahidiwa kuwa kitadumu. Msitu wa Mau ukiisha, nani atatuletea mvua? Leakey aliinama akaokota. Sisi tusome alichookota, kisha tuilinde miti iliyosalia.