Edgar Codd: mwanahisabati aliyeifundisha kompyuta kutunza daftari

Unapouliza salio la simu yako, unapotuma pesa kwa ndugu, au zahanati ya kijijini inapopeleka takwimu zake za mwezi, kuna kanzidata inayofanya kazi nyuma ya pazia. Kanzidata ni daftari kubwa lililo ndani ya kompyuta, ambalo watu wengi wanaweza kuliuliza maswali kwa wakati mmoja. Ukurasa unaouona kwenye simu ni dirisha tu. Kinachotunza kumbukumbu ni daftari lenyewe.

Hapa Arusha wapo vijana wa Lemara, Njiro na mitaa ya jirani wanaojifunza kutengeneza mifumo ya aina hii, wengine vyuoni, wengine peke yao kwa kompyuta ya kuazima. Wengi hukwama mahali palepale. Ukurasa unafunguka, rangi zinapendeza, lakini hesabu hazilingani, mtu mmoja anaonekana mara mbili, au mfumo unakataa neno la kawaida kabisa. Katika makala hii tunasimulia maisha ya Edgar Codd, kwa sababu matatizo hayo yanaeleweka kwa urahisi zaidi ukijua yeye alikuwa akipambana na nini.

Kutoka kisiwani hadi IBM

Edgar Frank Codd alizaliwa Agosti 1923 katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza, mahali panapojulikana kwa machimbo ya mawe ya kujengea. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa bidhaa za ngozi na mama yake alikuwa mwalimu. Alisoma hisabati na kemia katika Chuo Kikuu cha Oxford, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa rubani katika jeshi la anga la Uingereza.

Mwaka 1948 alivuka bahari kwenda New York. Hakupokelewa kwa zulia jekundu. Kwa muda aliuza nguo za michezo katika duka la Macy's, kisha akafundisha hisabati Tennessee. Mwaka 1949 aliajiriwa na kampuni ya IBM, wakati kompyuta moja ilijaza chumba kizima.

Mwaka 1953 aliondoka Marekani. Seneta Joseph McCarthy alikuwa akiwaandama watu kwa tuhuma za ukomunisti, na Codd alichukizwa na hali hiyo. Akahamia Canada, na hakurudi hadi mwaka 1957. Aliporudi IBM alishughulikia namna ya kuifanya kompyuta moja iendeshe programu kadhaa kwa pamoja, bila moja kuivuruga nyingine. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1965, akiwa ameshavuka miaka 40. Baada ya hapo alihamia maabara ya IBM huko San Jose, California, na hapo ndipo alipofanya kazi iliyompa jina.

Njia iliyojulikana na wachache

Kanzidata za wakati ule zilipangwa kama mti wenye matawi. Ili kupata taarifa, mwandishi wa programu alilazimika kujua njia nzima: anza kwenye shina, shika tawi hili, kisha lile. Ni kama ofisi ambayo karani mmoja tu ndiye anayejua faili liko kabati gani. Mpangilio ukibadilishwa kidogo, programu zilizokuwa zikifanya kazi jana zinakwama leo.

Juni 1970 Codd alichapisha makala iliyopendekeza njia nyingine. Taarifa zote zikae katika majedwali ya kawaida, yenye mistari ya kulala na safu za kusimama. Kila mstari uwe na utambulisho wake usiofanana na wa mwingine. Jedwali moja liungane na jingine kwa taarifa zilizoandikwa ndani yake, si kwa njia za siri. Mtumiaji aseme anataka nini, na kompyuta yenyewe itafute namna ya kukipata.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wafugaji kinachopokea maziwa asubuhi na jioni. Mwanafunzi anayeanza hutengeneza jedwali moja na kila siku huandika upya jina la mfugaji, kijiji, namba ya simu na lita. Baada ya mwezi mmoja Elibariki ameandikwa pia kama Elibarick na E. Bariki. Mfumo unawahesabu kama watu watatu, na malipo ya mtu mmoja yanagawanyika. Mwanafunzi anatafuta kosa katika hesabu zake, kumbe kosa liko katika mpangilio.

Dawa yake ni ile ya Codd. Jedwali la kwanza liwe la wanachama: kila mmoja aandikwe mara moja na apewe namba yake, kama vile kila aliyesajiliwa na NIDA anavyokuwa na namba yake moja. Jedwali la pili liwe la maziwa: namba ya mwanachama, tarehe, saa na lita. Mwanachama akibadilisha simu, unarekebisha sehemu moja tu. Vilevile usijaze namba mbili za simu ndani ya chumba kimoja cha jedwali. Kila chumba kibebe kitu kimoja, la sivyo siku ya kutafuta namba ya pili hutaipata.

Tupu si sifuri

Katika miaka ya 1970 Codd alishughulikia pia swali la taarifa zisizokuwepo. Mfugaji aliyeleta lita 0 si sawa na mfugaji ambaye karani hakumwandika. Wa kwanza tunajua hakuleta. Wa pili hatujui. Katika kanzidata kuna alama maalumu ya tupu kwa ajili ya huyo wa pili, nayo huwatesa sana wanaoanza. Ukiiuliza kanzidata ikutajie wote ambao simu yao ni sawa na tupu, haitakutajia hata mmoja, kwa sababu kitu kisichojulikana hakiwezi kusemwa kuwa ni sawa na kingine. Lazima uulize kwa namna iliyowekwa maalumu: ni nani ambaye simu yake haipo? Na ukipiga wastani wa lita, mistari iliyo tupu haihesabiwi, bali yenye sifuri inahesabiwa. Kwa hiyo karani akiweka sifuri mahali pa tupu, mfugaji ataonekana ana ng'ombe wasiotoa maziwa.

Mvutano ndani ya kampuni

Mtu angetarajia IBM imshangilie Codd. Haikuwa hivyo. Kampuni ilikuwa ikiuza kanzidata ya mfumo wa mti iliyoitwa IMS, na wakubwa hawakuwa na haraka ya kuleta kitu cha kuipunguzia soko. Codd hakunyamaza. Aliandika, alihutubia, na mwaka 1974 alishiriki mdahalo mkubwa wa wataalamu dhidi ya Charles Bachman, bingwa wa njia za zamani.

Hatimaye IBM ilianzisha mradi wa majaribio ulioitwa System R. Watafiti wake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitunga lugha ya kuiuliza kanzidata maswali, ambayo leo inajulikana kama SQL. Waliitangaza mwaka 1974, na Boyce alifariki mwaka huohuo. Katika chuo kikuu cha Berkeley, Michael Stonebraker na Eugene Wong nao walijenga kanzidata yao, INGRES, kwa kufuata maandishi ya Codd. Kampuni changa ambayo baadaye ilijulikana kama Oracle iliingiza bidhaa yake sokoni mwaka 1979, kabla ya IBM yenyewe.

Kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka huohuo wa 1974, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na zuio hilo lililegezwa miaka mingi baadaye. Mawazo ya Codd yalitufikia yakiwa yameshaiva. Leo mfumo wa DHIS2, ambao sekta ya afya nchini huutumia kukusanya takwimu za vituo, unatunza taarifa zake katika PostgreSQL, kanzidata ya majedwali iliyotokana na kazi ya Stonebraker. PostgreSQL na MySQL hupatikana bure, na ndizo wanafunzi wengi huanza nazo.

Kubofya mara mbili, na neno ng'ombe

Codd mwenyewe hakuridhika na SQL. Moja ya malalamiko yake ni kwamba inaruhusu mistari miwili inayofanana kabisa kukaa katika jedwali moja. Kwa wanaokaa mahali ambapo mtandao ni wa kusuasua, lalamiko hili lina uzito. Karani anabofya kitufe cha kutuma, simu inazunguka, anabofya tena. Lita 8 zinaingia mara mbili, na mwisho wa mwezi kikundi kinalipa maziwa ambayo hayakuwepo. Dawa ni kuiamuru kanzidata yenyewe ikatae: mwanachama mmoja, tarehe moja, zamu moja, mstari mmoja. Usiiachie kazi hiyo kurasa za mbele peke yake.

Tatizo jingine linawakuta hasa waandikaji wa Kiswahili. Katika SQL, maneno hufungwa kwa alama ndogo ya juu mwanzoni na mwishoni, ileile iliyomo katika neno ng'ombe na katika jina la kijiji cha Ng'iresi, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mwanafunzi akiyabandika maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL, kanzidata inadhani neno limeishia kwenye ng, inabaki na iresi isiyoelewa ni nini, na inagoma. Dawa si kuwakataza watu kuandika alama hiyo. Tuma sentensi ikiwa na nafasi zilizoachwa wazi, na maneno ya mtumiaji yatumwe kando ili yajaze nafasi hizo. Lugha zote maarufu za programu zina njia hiyo. Njia hiyohiyo humzuia mwizi anayeandika amri za SQL mahali pa jina ili aibe au afute taarifa.

Na mfumo ukigoma kabisa kufunguka, fuata mtengano ambao Codd alisisitiza, kati ya anachokiona mtumiaji na mahali taarifa zilipo. Anzia chini. Je, kanzidata imewashwa? Je, anwani, jina na nywila ni sahihi? Je, jedwali lipo? Liulize swali lako ndani ya kanzidata yenyewe bila kupitia ukurasa. Likijibiwa vizuri, basi tatizo liko kwenye ukurasa. Lisipojibiwa, usipoteze usiku ukihangaika na ukurasa.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1981 Codd alipewa Tuzo ya Turing, heshima kubwa kuliko zote katika taaluma ya kompyuta. Aliondoka IBM mwaka 1984, na mwaka uliofuata alichapisha kanuni zinazojulikana kama 12, ingawa zilikuwa 13 kwa kuwa alianza kuhesabu kutoka sifuri. Alikuwa amechoshwa na kampuni zilizobandika jina la majedwali kwenye bidhaa zisizostahili. Alifariki tarehe 18 Aprili 2003 nyumbani kwake Florida, akiwa na miaka 79.

Kwa kijana anayeanza, tunashauri achore majedwali yake kwenye karatasi kabla ya kuwasha kompyuta, na awaoneshe wenye kazi: karani, mweka hazina, mfugaji. Wao ndio wanaojua kama mtu mmoja anaweza kuwa na simu mbili au zamu mbili kwa siku.

Na kwa wewe msikilizaji ambaye kikundi chako kinataka kuhamia kwenye mfumo wa simu, yapo maswali matatu unayoweza kumuuliza fundi hata kama hujawahi kugusa kompyuta. Namba yangu ya uanachama ni ipi, na ni yangu peke yangu? Karani akibofya mara mbili kinatokea nini? Siku ambayo sikuandikwa itaonekana kama sifuri au kama haijulikani? Akikujibu bila kubabaika, mfumo wake una msingi. Akibabaika, shikilieni daftari la karatasi kwanza mpaka alete majibu.