MUPIRA WA DUNLOP, MUNGANGA WA NYAMA



Mwezi uliopita yaya wangu, tunayekaa naye hapa Kamalondo, alinunua moto kubwa ya safari iliyokwisha kutumika. Anataka kwenda nayo Kolwezi, kilometa 300 hivi. Mupira wa nyuma umeisha, na muuzaji alimwonyesha miwili: mumoja wa nyuzi za kupishana, bei ndogo, mwingine wa radiali, bei kali. Tulibishana mpaka usiku. Njo nikatafuta maisha ya John Boyd Dunlop, ambaye wengi wetu tunamujua kwa jina tu, sababu limeandikwa kwenye mipira.

Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 huko Dreghorn, Uskoti, katika jamaa ya wakulima. Kazi aliyosomea Edinburgh haikuwa ya mashine hata kidogo, ilikuwa ya kuponya nyama. Mwaka 1867 akahamia Ireland, na mu muji wa Belfast akawa munganga wa farasi mwenye kazi nyingi.

Mwaka 1887 mutoto wake Johnny alikuwa na kinga ya magurudumu 3. Wakati ule gurudumu lilivikwa mpira mugumu usio na upepo, na mutoto alitikisika sana juu ya mawe ya njia. Baba akachukua mpira mwembamba, akaugundisha uwe kama utumbo, akauzungusha kwenye gurudumu la mbao, akaufunika kwa kitambaa, akaujaza upepo kwa pompi ya balo. Kisha akafanya jambo ninalolipenda kupita yote. Hakukaa kusifu kitu chake. Alitoka mu kiwanja akasukuma magurudumu mawili, la zamani na lake. La zamani lilienda kidogo likaanguka. Lake lilivuka kiwanja chote, likagonga nguzo ya lango, likarudi.

Hati ya kulinda uvumbuzi wake aliipata Desemba 1888. Mwezi wa 5 mwaka 1889 Willie Hume alishinda mashindano ya kinga Belfast akiwa na mipira hiyo, na sifa ikaenea. Lakini kumbe Muskoti mwingine, Robert William Thomson, alikwisha kuandikisha wazo lile zaidi ya miaka 40 mbele yake, na hati ya Dunlop ikakosa nguvu. Utajiri ulienda kwa wengine. Yeye aliacha kampuni mwaka 1895. Mwaka uliofuata ikauzwa kwa pauni milioni 3. Alifariki Dublin tarehe 23 Oktoba 1921, tajiri wa jina kuliko wa mali.

Hapa siwezi kupita mbio. Kinga zilipoongezeka, halafu motokari, Ulaya ilitaka mpira mwingi, na mwingine ulitoka mu pori letu la Kongo, chini ya mufalme Leopold II. Bankambo walilazimishwa kukusanya utomvu. Wanawake walifungwa mpaka waume walete kilo zilizotakiwa. Kuna waliokatwa mikono. Kati ya waliopiga kelele kulikuwa wamisionari wa Kiprotestanti, kama William Sheppard na Alice Harris. Roger Casement, muzaliwa wa Dublin, aliandika ripoti iliyotoka mwaka 1904, na mwaka 1908 mufalme akanyang’anywa inchi. Sisemi Dunlop aliwatuma wale watu. Lakini kusimulia maisha yake hapa kwetu na kuruka jambo hili, ningeona haya.

Turudi kwa mipira ya yaya. Nyuzi za kitambaa cha zamani zilifumwa pamoja, zikasuguana na kukatana. Waliofuata walipanga nyuzi katika matabaka ya mushazari, tabaka moja likivuka lingine: huo njo mupira wa kupishana. Mbavu zake ni ngumu, zinavumilia muzigo na mawe, lakini kwa mbio za mbali matabaka yanasuguana na mupira unapata moto. Kampuni ya Michelin ya Ufaransa iliandikisha radiali mwaka 1946. Nyuzi zake zinatoka ukingo mpaka ukingo bila kupishana, na mukaba unazunguka chini ya sehemu inayokanyaga njia. Haupati moto upesi, unashika gudron vizuri. Kwa moto ulikuja miaka ya 1980.

Mimi nilikuwa upande wa bei ndogo, ninakubali. Lakini hii miwili inapinda namna mbalimbali, na kuichanganya, mumoja mbele na mwingine nyuma, kunaweza kufanya moto iyumbe mu kona, isipokuwa kiwanda chenyewe kimeruhusu. Basi nikamwambia yaya tuangalie kwanza. Tulichukua tochi, tukasoma ubavuni, pale kwenye namba za kipimo. Kistari kingekuwa wa kupishana. Mbele tukakuta R, nyuma R, na mu kitabu cha moto R vilevile. Kesho yake alimwambia muuzaji amungoje mpaka mwisho wa mwezi, apate franga za radiali. Kolwezi bado hajafika.