Mtu ni Utu: Maisha ya Philip K. Dick, Mtunzi wa Jinamizi la Kesho

Wahenga walinena kuwa mtu ni utu. Methali hii ni fupi, lakini ndani yake mna swali lisilokwisha: utu huo hupimwa kwa kipimo gani, na ni nani aliyekabidhiwa mizani? Philip Kindred Dick, mwandishi wa Kimarekani aliyeaga dunia mwaka 1982, yamkini hakuwahi kuisikia methali yenyewe. Hata hivyo, alitumia miaka thelathini ya uandishi wake akilizunguka swali hilo, mithili ya ng'ombe anavyokizunguka kigingi alichofungiwa.

Shabiki wa sinema mjini Molo huenda asilitambue jina lake. Lakini akitajiwa Arnold Schwarzenegger katika Total Recall, mfanyakazi wa mjengo anayegundua kuwa kumbukumbu zake ni za kupachikwa, au Tom Cruise katika Minority Report, afisa anayewakimbia polisi wenzake kwa kosa ambalo bado hajalitenda, atajua mara moja ni sinema zipi. Filamu za aina hii zilifika katika miji midogo ya Bonde la Ufa kwa kanda za video, kisha kwa visahani vya CD na DVD. Zilioneshwa katika vibanda vyenye mabenchi ya mbao na madirisha yaliyozibwa kwa mapazia. Baadaye wakazuka wafasiri kama DJ Afro nchini Kenya na VJ Jingo nchini Uganda, ambao huyasimulia maneno ya kigeni kwa lugha ya watazamaji wao. Watu walifuata milio ya risasi na magari yanayoruka. Aghalabu sinema za mapigano huchuja upesi, lakini hizi zinazosawiri kesho iliyoharibika hazijachuja. Sababu mojawapo inapatikana katika maisha ya mtu huyu.

Dick alizaliwa tarehe 16 Desemba 1928 mjini Chicago, majuma sita kabla ya wakati wake, pamoja na pacha wake wa kike aliyeitwa Jane. Kipupwe kilikuwa kikali, na watoto hao wachanga hawakupata lishe ya kutosha. Jane alifariki tarehe 26 Januari 1929, kabla hajatimiza miezi miwili. Alizikwa Fort Morgan katika jimbo la Colorado, na kwenye jiwe la kaburi wazazi wakaandikisha pia jina la Philip kando ya lile la dadake, wakaacha wazi mahali pa tarehe ya kufa. Hivyo mtoto huyo alikua akijua kwamba nusu yake ilikwisha kuzikwa, na kwamba kaburi lake lilikuwa tayari linamsubiri. Pacha aliyepotea atajitokeza mara kwa mara katika kazi zake kwa sura tofauti tofauti.

Babake, Joseph Edgar Dick, alikuwa mwajiriwa wa wizara ya kilimo ya Marekani. Mamake, Dorothy, ndiye aliyemlea baada ya wazazi hao kutengana, na hatimaye mama na mwana wakatulia Berkeley, California. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulikuwa umewabana wengi. Philip alikuwa mtoto mwenye pumu, kizunguzungu na hofu ya umati. Kimbilio lake lilikuwa majarida ya bei rahisi ya bunilizi za kisayansi, ambayo alianza kuyasoma akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi. Mwaka 1949 alijiunga na Chuo Kikuu cha California, lakini hakudumu humo. Alijikimu kwa kuuza sahani za santuri dukani.

Mwaka 1951 aliuza hadithi yake ya kwanza. Ilihusu mbwa ambaye kila wazoa taka wanapofika huwaona kuwa ni viumbe wa hatari, akabweka kwa nguvu zake zote kuwaonya wenye nyumba. Nao, badala ya kushukuru, humwona kero. Ndani ya kisa hicho kidogo mna muhtasari wa maisha yote ya Dick. Daima alikuwa upande wa yule anayeona jambo ambalo wengine hawalioni, na anayeadhibiwa kwa kupiga kelele.

Katika miaka ya 1950 aliandika hadithi nyingi ajabu, lakini malipo yalikuwa haba. Mwenyewe alisimulia baadaye jinsi yeye na mkewe wa pili, Kleo, walivyonunua nyama ya farasi katika duka la chakula cha wanyama ili wapate kitoweo. Isitoshe, enzi hizo serikali ya Marekani ilikuwa ikiwasaka watu walioshukiwa kuwa wakomunisti, na maafisa wa FBI waliwahi kubisha mlangoni mwao. Haishangazi basi kwamba mwaka 1956 alichapisha The Minority Report, hadithi kuhusu idara ya polisi inayowatumia watabiri watatu kuwakamata watu kabla hawajatenda makosa. Mkuu wa idara hiyo anapotabiriwa kuwa atakuwa mwuaji, ndipo anapotambua ladha ya dawa aliyowanywesha wengine.

Mwaka 1962 ilitoka riwaya ya The Man in the High Castle, inayosawiri Marekani iliyoshindwa katika Vita vya Pili vya Dunia na kugawanywa baina ya Ujerumani na Japani. Mwaka uliofuata ilimpatia Tuzo ya Hugo, tuzo yenye heshima kubwa miongoni mwa waandishi wa bunilizi za kisayansi. Sifa ilikuja, lakini fedha hazikufuata. Ili aandike kwa kasi ya kumlisha, Dick alimeza vidonge vya kusisimua mwili usiku na mchana, na kuna miaka aliyochapisha riwaya kadhaa kwa mfululizo. Vidonge hivyo vilimdhuru mwili na akili. Alioa mara tano, na ndoa zote zikavunjika. Hofu aliyoiandika vitabuni ilimwandama hadi nyumbani, akawashuku hata waliompenda. Si haki kumsawiri kama mtakatifu, kwani wake zake na watoto wake watatu walibeba sehemu ya mzigo huo.

Kazi iliyolibeba swali lake kwa uwazi zaidi ilichapishwa mwaka 1968. Jina lake, Do Androids Dream of Electric Sheep?, lauliza iwapo watu wa kuundwa huota kondoo wa umeme. Vita vimeiangamiza dunia, na vumbi lenye sumu limewamaliza wanyama karibu wote. Kuwa na mnyama hai ni fahari kuu. Mhusika Rick Deckard ana kondoo juu ya dari ya jumba analoishi, lakini ni kondoo wa umeme. Yule wa kweli alikufa, na Deckard anawaficha majirani aibu hiyo. Msomaji wa Molo, mji ambao jina lake limeshikamana na kondoo na nyama yake, ana sababu ya kutabasamu hapa, kisha ya kunyamaza. Huko ambako kondoo hulisha katika baridi ya mwinuko wa takriban mita 2,500, ukingoni mwa msitu wa Mau uliokwisha kufyekwa sehemu kubwa, si vigumu kuiwaza siku ambayo kiumbe hai kitakuwa kumbukumbu tu.

Kazi ya Deckard ni kuwasaka na kuwaua watu wa kuundwa waliotoroka. Kwa sura hawatofautiki na binadamu, hivyo kuna mtihani. Mshukiwa huulizwa maswali kuhusu mateso ya wanyama na watu, huku chombo kikipima mshtuko wa macho na ngozi yake. Asiyeonesha huruma si mtu, na anaweza kuuawa bila hatia. Lakini kadiri Deckard anavyoua, ndivyo anavyogundua kwamba baadhi ya anaowaua wana vipaji na hamu ya kuishi, ilhali baadhi ya wawindaji wenzake hawana huruma hata chembe. Mtihani umemgeukia mtahini. Hapo ndipo Dick alipotaka kumfikisha msomaji. Anayemnyima mwenzake utu ili amwue, huupoteza wake kwanza.

Swali hili si la kubuni kwa wakazi wa Molo. Mwaka 1992, na tena mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 baada ya uchaguzi uliozozaniwa, eneo hilo lilikumbwa na machafuko ya kikabila. Watu waliuawa, nyumba zikateketezwa na maelfu wakahamia kambini. Majirani waliokuwa wakiuziana viazi na maziwa walipimana kwa lugha, kwa jina na kwa asili ya babu zao, na jibu la mtihani huo likawa uhai au mauti. Kabla ya hapo, enzi za ukoloni, Waafrika waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi walilazimika kubeba kipande, na bila kipande mtu hakuhesabiwa kuwa mtu. Dick aliandika riwaya kuhusu hali inayokaribiana na hiyo. Katika Flow My Tears, the Policeman Said ya mwaka 1974, nyota wa runinga anaamka asubuhi moja bila kitambulisho wala kumbukumbu yoyote ya jina lake serikalini, katika nchi yenye vizuizi vya polisi kila mahali. Jana alikuwa mashuhuri, na leo hayupo.

Kufikia wakati huo maisha yake mwenyewe yalikuwa yametikisika. Mwezi wa Novemba 1971 nyumba yake ilivunjwa, kabati lake la chuma likalipuliwa na hati zake zikachukuliwa. Hakujua kamwe ni nani aliyefanya hivyo. Mwaka 1972 alisafiri hadi Vancouver, Kanada, ambako alijaribu kujiua, kisha akaingia katika kituo cha kuwatibu waraibu. Aliporejea California alianza upya. Matunda ya kipindi hicho ni A Scanner Darkly ya mwaka 1977, riwaya kuhusu polisi wa siri anayeagizwa kujichunguza mwenyewe. Aliitunuku kwa marafiki walioangamizwa au kuumizwa na dawa za kulevya, na jina lake akaliweka miongoni mwa majeruhi hao. Mapema mwaka 1974 aliona maono ambayo hakuweza kuyaeleza kikamilifu, na kwa miaka minane iliyobaki alijaza maelfu ya kurasa akitafuta maana yake.

Bahati ilianza kumkaribia jioni. Mwelekezi Ridley Scott aliigeuza riwaya ya kondoo wa umeme kuwa filamu, Blade Runner, huku Harrison Ford akiigiza kama Deckard. Dick aliombwa aandike kitabu kipya kinachoifuata filamu, ili kile cha awali kiwekwe kando. Japo malipo yalikuwa ya kuvutia kwa mtu aliyewahi kula nyama ya farasi, alikataa, na riwaya yake ikachapishwa upya. Mwishoni mwa mwaka 1981 alioneshwa sehemu ya picha hizo, naye akafurahi kuona dunia iliyokuwa kichwani mwake ikimeremeta mbele ya macho yake. Hakuiona filamu nzima. Kiharusi kilimpata, akafariki tarehe 2 Machi 1982 mjini Santa Ana, akiwa na umri wa miaka 53. Filamu ilitoka tarehe 25 Juni mwaka huo huo.

Mwanzoni Blade Runner haikuvuta watazamaji wengi kumbini. Ilikua polepole, mkanda kwa mkanda, hadi ikawa miongoni mwa filamu zinazoheshimiwa zaidi. Kilele chake chaeleza kwa nini. Mwindaji anapokaribia kuanguka kutoka juu ya jengo, anayemshika mkono na kumwokoa ni yule yule aliyekuwa akimwinda. Baada ya hapo zikafuata Total Recall mwaka 1990, Screamers mwaka 1995, Minority Report mwaka 2002, Paycheck mwaka 2003 na nyinginezo, hadi Blade Runner 2049 ya mwaka 2017. Filamu ya kwanza ilikuwa imeuweka mkasa wake mwezi wa Novemba 2019. Tarehe hiyo imekwisha kupita, lakini watazamaji bado wanairudia, kwa kuwa haikuwa na haja ya kutabiri kalenda.

Mbegu ya aina hii imeota nchini Kenya pia. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi, filamu fupi inayosawiri Afrika Mashariki baada ya vita vya maji, ambamo msichana Asha anatoroka mji uliofungwa ili akapande mche mmoja jangwani. Hamna bunduki nyingi humo, lakini swali ni lile lile: katika dunia iliyokauka, ni nani bado anaweza kukionea huruma kitu kilicho hai?

Hii ndiyo siri ya kudumu kwa sinema hizi. Mtazamaji huingia kwa ajili ya mapigano, lakini katikati ya moshi humkuta mtu mdogo anayeshukiwa, anayepimwa, anayenyimwa jina lake na wenye nguvu. Anayeishi mahali ambapo watu wamewahi kupimwa hivyo hahitaji kufasiriwa.

Baada ya kifo chake, babake mzee aliyachukua majivu ya Philip na kuyapeleka Fort Morgan. Yalizikwa kando ya Jane, chini ya jiwe lililokuwa na jina lake kwa zaidi ya nusu karne. Mahali palipoachwa wazi pakajazwa tarehe.