John Akii-Bua: Polisi aliyeipatia Uganda dhahabu ya kwanza

BUKOTO, KAMPALA – Vijana wengi wanaokimbia alfajiri kwenye vilima vya Bukoto na Kisaasi hawakuwa wamezaliwa John Akii-Bua alipofariki dunia Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47. Hata hivyo, hakuna Mganda aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki kabla yake, na miaka 40 ilipita kabla ya Stephen Kiprotich kuleta ya pili kutoka London.

Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 huko Lango, kaskazini mwa Uganda, katika familia kubwa ya chifu mwenye wake wengi. Alijiunga na polisi, na huko kipaji chake kikaonekana. Mwaka 1970 alimaliza wa nne katika mbio za mita 400 kuruka viunzi kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh.

Kocha wake, Mwingereza Malcolm Arnold, alimpa mazoezi mazito: kukimbia akiwa amevaa fulana ya uzani na kuruka viunzi virefu kuliko vya mashindano. Sayansi ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kueleza jinsi mwili unavyostahimili adha hiyo. Mwaka 1961 Alexander Mauro, mtafiti nchini Marekani, alibaini seli ndogo zilizojibanza kando ya nyuzi za msuli. Leo inafahamika kuwa nyuzi zinapochanika, vichocheo vya ukuaji huziamsha seli hizo shina. Nazo huongezeka, kisha huungana na nyuzi zilizojeruhiwa na kuzikarabati. Kazi hiyo huhitaji lishe na mapumziko.

Septemba 2, 1972, mjini Munich, alipangiwa njia ya ndani kabisa, yenye kona kali kuliko zote. Alishinda kwa sekunde 47.82, akawa binadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48. Bingwa mtetezi, David Hemery, alikuwa wa tatu.

Nyumbani alipandishwa cheo na kupewa nyumba, lakini utawala wa Idi Amin ulikuwa ukiwaua Walango wenzake. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwemo, zilisusia michezo ya Montreal, naye akakosa kupambana na Edwin Moses, aliyetwaa dhahabu na kuivunja rekodi yake.

Amin alipoangushwa mwaka 1979, Akii-Bua alikimbilia Kenya na familia yake, wakajikuta katika kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kufika Ujerumani. Mwaka 1980 alikimbia Moscow, lakini hakufika fainali. Msuli uliojeruhiwa hupona. Miaka bora ya mwanariadha iliyopotea kwa siasa na ukimbizi haikurudi.

Baadaye alirejea Uganda, akawa kocha. Alizikwa kwa heshima za kitaifa, na barabara moja ya Nakasero ina jina lake hadi leo.